Wanaofunga Chambo Wenyewe

Mwalo wa Nyakasenge,
Wilaya ya Geita.
2 Septemba 2024.

Mpendwa Kaka Ignas,

Shikamoo kaka. Kabla ya lolote nataka nijue hali yako. Mgongo ulioumia ulipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi umepona, au bado unalala chali mpaka kunakucha? Wifi Desideria naye anaendeleaje na presha? Mwambie asiache dawa hata akijisikia mzima, maana presha haibishi hodi. Watoto nawaombea shule njema. Nasikia huko Newala mnajiandaa na msimu wa korosho. Mungu awape jua la kutosha.

Sisi huku tunaendelea, hivyo hivyo. Mama yuko Kagongwa, macho yanazidi kufifia lakini sauti ni ileile. Ukimwambia "mwangaluka mayu" anakuitikia kabla hujamaliza. Mpunga ulipatikana wa kula, wa kuuza haukuwepo. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Bado najitolea zahanati kama mhudumu wa afya, napita kaya kwa kaya na begi langu, nawapima akina mama wajawazito na kuwahimiza watu watumie vyandarua ambavyo wanavulia dagaa.

Kaka, ulinipigia simu wiki mbili zilizopita. Uliuliza swali moja tu: "Serafina, ni kweli umemuuza ndugu yako?" Mtandao ukakatika, au ulikata wewe, sijui. Jambo hili haliingii kwenye simu. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mwalimu nikaketi kukuandikia. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu unihukumu ukiwa mkubwa wetu, maana baba hayupo.

Unakumbuka ndugu yetu Mihayo alivyoondoka machimbo ya Rwamgasa. Duara, lile shimo la dhahabu, lilipotitia na kumfukia Chacha, yule kijana wa Kikurya waliyekuwa wakipanga naye chumba kimoja, Mihayo ndiye aliyekuwa juu ameshika kamba. Alivuta kamba ikaja tupu. Toka siku hiyo hakutaka kusikia habari za dhahabu. Akamchukua mkewe Mariana na binti yao Kabula, wakaja kwangu huku mwaloni, ufukweni kwa wavuvi.

Hakuwa na mtumbwi wala nyavu. Hapa mtu asiye na nyavu ni kibarua wa kuvuta za wenzake. Ndipo akajifunza kuvua sangara kwa mshipi, na huko ndiko alikokutana na kazi iliyompa jina.

Naomba nikueleze vizuri, kwa sababu wewe uliondoka kabla mambo haya hayajaenea. Samaki wadogo wa kuchomeka kwenye ndoano siku hizi ni wa kusaka. Basi wavuvi wa mshipi wanajitengenezea chambo cha bandia. Unachukua ndoano, unaimiminia kichwa kidogo cha risasi ili izame, halafu juu yake unafunga manyoya ya jogoo na singa za mkia wa mbuzi kwa nyuzi unazochomoa kwenye mifuko ya salfeti. Kikivutwa majini kinacheza kama dagaa anayekimbia, na sangara anakifuata. Risasi ninayosema si ya bunduki. Ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari, pikipiki na sola. Betri mbovu zimejaa kila mahali, hasa zinazotupwa huko machimboni. Watu wanazipasua, wanayeyusha kilichomo kwenye sufuria kuukuu, juu ya mafiga yaleyale ya ugali.

Mihayo alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Manyoya yake hayakulegea, na kichwa cha risasi alikimimina kidogo sana, kama punje ya hindi. Wavuvi walikuja kutoka mialo ya mbali kumtazama akifunga, naye hakuwa mchoyo. Alimkalisha yeyote kwenye kigoda, akamwonyesha toka mwanzo. Mama alikuja kututembelea akamkuta amezungukwa na watu wazima wanaomsikiliza, akaniambia, "Mungu amemrudishia mwanangu uso wake." Ilikuwa kweli. Alianza tena kucheka.

Na Kabula alikuwa hapohapo. Mtoto huyo hakutoka ubavuni mwa baba yake. Ndiye aliyepanga manyoya kwa rangi, mekundu huku, meupe kule. Alijua kuchagua kuliko mama yake. Mihayo alipokuwa machimboni alivunjika jino la mbele, kwa hiyo vipande vya risasi vya kubana kwenye uzi vilimshinda kubana kwa meno. Kabula alimbania. Kaka, kuandika sentensi hiyo kumenichukua muda mrefu. Alikuwa anambania baba yake kwa meno yake, anakimbia kumwonyesha, na sote tulicheka tukimwita fundi mdogo.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, alianza kulalamika tumbo. Nilimpa dawa za minyoo. Halafu akawa mwepesi wa kuchoka, ngozi imepauka, hali chakula. Nikampima malaria, hana. Baada ya Krismasi akaanza kusahau maneno. Angesema, "Shangazi, nipe ile..." halafu anakaa anatazama kikombe, jina limempotea. Mariana akasema mtoto amerogwa na wenye wivu na kazi ya Mihayo. Wakampeleka kwa mganga upande wa Ushetu, akachanjwa chale, akarudi vilevile.

Degedege la kwanza lilimkamata kanisani. Tulipompeleka hospitali Mwanza alikuwa hatambui mtu. Daktari aliyempokea anaitwa Theonest, kijana mpole. Aliposikia tunatoka Geita, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nyumbani mnachoma dhahabu? Mnatumia zebaki?"

Mihayo akajibu kwa nguvu, "Daktari, mimi dhahabu nilishaiacha. Nilihama kabisa ili familia yangu iwe salama. Mimi ni mvuvi."

"Unavua kwa nini?"

"Kwa mshipi. Nafunga chambo mwenyewe."

Daktari akainama. Akamtazama Kabula mdomoni, akamfunua ufizi, akaona mstari mweusi chini ya meno. Ndipo akauliza kuhusu risasi. Mihayo akamweleza kila kitu, hatua kwa hatua, kama anavyowafundisha watu, na nikaona uso wa yule daktari unabadilika. Mihayo hakuona. Aliendelea kueleza, mikono ikionyesha jinsi ya kumimina bila kumwaga.

Damu ilipelekwa kupimwa mbali. Kabula alifariki Jumapili ya Matawi, majibu yakaja baada ya mazishi. Hilo la msiba unalijua, na najua kwa nini hukuweza kufika, hakuna anayekulaumu. Usilolijua ni kwamba majibu yaliposomwa, daktari alisema sumu iliyokuwa kwenye damu ya yule mtoto ingemwangusha mtu mzima. Pia akasema maneno ambayo ndiyo chanzo cha yote haya.

"Mama Serafina, huyu amefika kwangu kwa sababu wewe ni mtu wa afya. Wengine wanazikwa kwa jina la degedege. Huko kwenu wanaofunga chambo wenyewe ni wangapi?"

Nikaahidi kwenda kuwahesabu.

Akanieleza kwamba iko dawa ya kutoa risasi mwilini, ila haikai tu kabatini. Lazima iagizwe, na mradi mmoja wa afya ulikuwa tayari kuagiza. Lakini mradi hauagizi dawa kwa huruma. Ulitaka makadirio: katika mialo ya upande wetu, nyumba ngapi zinafunga chambo zenyewe, maana nyumba inayofunga ndiyo inayoyeyusha, na inayoyeyusha ina watoto wanaolala kwenye majivu yake.

Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Mimi nawajua watu hawa, nimewazalisha wake zao. Nikaanza kupita. Kaka, hakuna aliyefunga! Nyumba nzima inanuka moshi wa betri, mwenyewe anakwambia, "Mimi natega nyavu tu dada." Walikuwa na hofu kwamba serikali itapiga marufuku mshipi. Na wengine, nadhani, waliogopa kulijua jambo lenyewe.

Nikaenda kwa Masele, mwenyekiti wa mwalo. Ni mtu mzima mwenye busara, usimdhanie vibaya. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Hao wafungaji ni wachache sana. Andika ishirini." Nikamwambia, mwenyekiti, ishirini ninawaona hapa nikiwa nimeketi barazani kwako. Akashusha sauti: "Sikiliza binti. Kiwanda cha samaki kikisikia mwalo huu una sumu, hakuna gari la barafu litakalokanyaga hapa. Tutakula nini? Watoto watakufa kwa njaa badala ya risasi. Utakuwa umeokoa nini?"

Nilirudi nyumbani na swali lile, na mpaka leo ninalo.

Siku ya gulio nikapanda gari mpaka Geita mjini, dukani kwa Mama Gaurav. Unamkumbuka Usha, yule mama wa Kihindi ambaye marehemu mumewe alikuwa akimkopesha baba mbegu za pamba? Sasa duka lake ni la zana za uvuvi. Nikamwuliza wateja wake wangapi wanafunga chambo wenyewe. Akacheka, akanionyesha ukutani kwa kidole. Kulikuwa na vyambo vya kiwandani, vizuri, vinameremeta, vimejaa vumbi.

"Hivyo vimening'inia hapo toka kijana wangu Gaurav hajaoa," akasema. "Ndoano tupu ndizo haziishi kuulizwa. Anayekuja kuchukua ndoano nene, hachukui kamba ya kutega, hachukui nyavu, huyo anafunga mwenyewe. Karibu wote wa huko kwenu."

Nikafurahi, kisha nikagundua kwamba ndoano zinaniambia vyambo ni vingi, haziniambii nyumba ni ngapi. Mtu kama Mihayo anafungia wenzake wengi. Ukimhesabu kwa ndoano zake utadhani ni kijiji kizima. Mama Gaurav akaniuliza naulizia nini hasa. Nikamweleza habari ya Kabula. Akaacha kuhudumia wateja, akaniletea chai nyuma ya kaunta, akalia. Halafu akasema, "Usiwaulize wanaume. Na usimwulize mwanamke habari za nyumbani kwake. Mwulize habari za jirani."

Hilo ndilo lililonifungua. Nikawa naenda kwenye pampu ya maji asubuhi, na kwenye vichanja vya dagaa. Simwulizi mtu, "Kwako mnayeyusha?" Namwuliza, "Kwa majirani zako unaowajua vizuri, nani anafunga?" Ndimi zikalegea. Kila mmoja alikuwa na majirani wawili watatu. Mwanamke huyu anamtaja yule, yule anamtaja huyu, na wote wawili walikuwa wameniapia kwamba kwao hakuna. Nilivyokuwa napanga na kuondoa waliotajwa mara mbili, nikaanza kuona ukubwa wake. Kwa kukadiria, kila nyumba tatu za mwalo wetu, moja inafunga chambo na kuyeyusha risasi. Ukichanganya na mialo ya jirani unapata nyumba zaidi ya mia mbili. Mia mbili, wakati Masele anasema ishirini.

Watu wa mradi walikuja. Ni watu wastaarabu, wana gari na kompyuta. Wakasikiliza hesabu yangu, wakaniuliza, "Unaweza kutuonyesha nyumba hizo?" Nikasema watu hawatafungua milango. Wakasema basi itabidi watumie makadirio ya uongozi wa mwalo, maana ndiyo yenye muhuri. Labda, wakasema, kama kungekuwa na familia hata moja ya kusimama mbele ya watu na kukubali, wengine wangejitokeza, nao wangepata kitu cha kushika mkononi.

Familia hiyo ilikuwa moja tu, kaka. Nilikwenda kwa Mihayo.

Alikuwa ameketi nje, mikono mapajani. Toka tumzike Kabula alikuwa hajafunga chambo hata kimoja. Nikamweleza ninachotaka.

"Unataka nisimame kwenye mkutano," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Niwaambie watu nimemuua mwanangu kwa mikono yangu."

"Hukujua."

"Chacha alikufa nikiwa sijui. Kabula amekufa nikiwa sijui. Serafina, kuna kitu ninachojua mimi?"

Nikamwambia kuna watoto wengine. Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango. Mariana alinisindikiza mpaka njiani akiwa amembeba Maduhu mgongoni, yule mdogo ambaye hata hajaanza kutembea vizuri. Aliponiaga alinishika mkono akaubana sana.

Sasa sikiliza nilichofanya, nakueleza bila kukipamba. Mkutano wa mwalo uliitishwa mwezi wa sita. Masele akasimama akasema jambo hili ni la watu wachache, tusilikuze. Watu wakapiga makofi. Mihayo alikuwa nyuma kabisa, ameegemea mtumbwi. Nikaomba nafasi. Nikasema, "Kabula binti Mihayo, mpwa wangu, hakufa kwa degedege wala uchawi. Alikufa kwa risasi ya kufungia chambo. Alikuwa anaibana kwa meno." Nikawaeleza mstari mweusi kwenye ufizi. Nikawaambia waende nyumbani wakawafunue watoto wao midomo, wasinisikilize mimi.

Kelele ziliibuka. Mmoja akapaza sauti kwamba natafuta cheo kwa wazungu kwa kutumia maiti ya mtoto wa kaka yangu. Nilipogeuka kumtafuta Mihayo, hayupo.

Hiyo ndiyo siku wanayosema nilimuuza. Sikumwomba ruhusa tena. Nilikuwa nimeshaiomba akaninyima, nikasema hata hivyo. Ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa hilo, na sitabisha.

Kesho yake asubuhi nilikuta wanawake mlangoni mwa zahanati. Hawakuwa wengi. Lakini keshokutwa yake walikuwa wamejaa mpaka kwenye uzio, na watoto wamefunikwa kanga vichwani kana kwamba wameibwa. Mradi ukawapima watoto damu. Nilikuwa nimekosea, kaka. Nilikadiria nyumba moja katika tatu, kumbe inakaribia nusu. Hata mke wa Masele alileta mjukuu wake, na mjukuu alikuwa na sumu hiyo.

Tatizo ni kwamba dawa ilikuwa imeshaagizwa. Iliagizwa kwa makadirio yenye muhuri. Ilikuja dawa ya watoto ishirini.

Sitakueleza jinsi walivyochaguliwa. Walichukuliwa waliokuwa na sumu nyingi zaidi na bado wanatambua watu. Maduhu alikuwa miongoni mwao, na nashukuru Mungu, leo anatembea na kuita majina. Lakini ni mimi niliyewaambia akina mama wengine warudi nyumbani, waache kuyeyusha, wafagie kwa maji, wawape watoto maziwa na mboga za majani, wasubiri. Bado wanasubiri. Tumezika wawili toka wakati huo. Masele mwenyewe aliandika barua ya pili na kuigonga muhuri, akaja kunionyesha. Alitaka nimwambie kitu. Nilimwambia tu, "Asante mwenyekiti."

Sasa nafika kwa Mihayo, maana najua ndilo ulilotaka kulisikia kwanza.

Siku chache baada ya dawa kuletwa, alikuja zahanati mchana, mbele ya watu. Hakunisalimia. Akaketi kwenye benchi kama mgonjwa, akasema, "Hesabu yako imewakosa wengi. Umehesabu wa mwaloni kwetu na jirani. Hukuhesabu niliowafundisha mimi."

Akaanza kuwataja. Wa visiwani, wa upande wa Sengerema, wa Chato, mmoja aliyetoka Kagera akalala kwake ili ajifunze. Kila jina alilifuata na watoto wa mtu huyo: huyu ana mapacha, huyu mkewe alikuwa karibu kujifungua. Alikuwa anawajua wote, kwa sababu alikuwa amekula nao. Sikuthubutu kumkatiza. Alipomaliza akasema nao hao wamewafundisha wengine, na hapo hakuna mtu duniani anayeweza kukadiria. Akasimama. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia."

Hivyo ndivyo alivyoondoka, kaka. Sikumfukuza mimi, na hakuondoka kwa aibu, kama ulivyoambiwa. Alikwenda mwalo kwa mwalo, kwa miguu na kwa lifti za mitumbwi, anaingia kwenye nyumba aliyofundisha, anamwambia mwenyewe mbele ya mkewe: "Kile nilichokufundisha kimemuua binti yangu. Acha." Wengine walimpokea. Wanawake kutoka mialo nisiyowahi kufika walianza kuja zahanati na watoto, wanasema, "Tumetumwa na Mihayo." Siku moja alikuja baba kambeba mtoto kwa kupokezana na mkewe toka alfajiri.

Kwenye mwalo mmoja wa kisiwani walimpiga. Gari la barafu lilikuwa limeacha kufika huko baada ya maneno yake kuenea, na vijana walikuwa na njaa. Walimpiga kwa makasia. Mkono wa kulia umevunjika mara mbili, na mbavu. Wavuvi wengine walimwokoa, wakamleta ng'ambo. Tulimtibu, kisha Mama akaagiza apelekwe Kagongwa.

Kwa hiyo ndiyo, kaka: niliyoyasema mkutanoni ndiyo yaliyomtoa nyumbani, na kutoka nyumbani ndiko kulikomvunja mkono. Mama anaijua sehemu hiyo tu. Nikienda Kagongwa hali nami sahani moja. Ananipakulia, ananiacha na chakula changu, anatoka nje.

Mihayo mwenyewe hanichukii, wala sijui kama amenisamehe, hatujazungumza hilo. Kila nikifika ananiuliza neno moja tu: "Wamefika wangapi?" Namwambia wiki hii wamekuja kadhaa kutoka mwalo fulani. Anafumba macho, anakumbuka huko alimfundisha nani, anatikisa kichwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Akauliza. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Kaka, kwa muda sasa hajafika mpya. Toka ulipoumia hakuna anayekuja." Halafu akaanza kujiinua kitandani kwa mkono wa kushoto, anatafuta viatu kwa miguu, plasta inagonga ukuta. Mama alisimama mlangoni, akamzuia kwa mwili wake mdogo ule, analia, anamwomba kwa Kisukuma kama anayembembeleza mtoto mchanga. Mihayo akasema kwa upole, "Mayu, bado sijafika kwa wote."

Tulimrudisha kitandani siku ile. Hatutaweza kila siku. Mbavu zikiunga ataondoka, iwe mkono umepona au haujapona, na wale vijana bado wako huko.

Kaka Ignas, sikuandikii ili unitetee kwa Mama. Hayo yatakuja yenyewe au hayatakuja. Naomba korosho zikiisha, au hata kabla, uje. Usije kumzuia. Njoo utembee naye. Wewe una mwili, una sauti, na watu hawampigi kirahisi mtu aliyefuatana na kaka yake mkubwa.

Nisalimie sana Wifi Desideria, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mariana anakusalimu, na Maduhu sasa anaweza kulitamka jina lako. Mama Gaurav naye aliniambia nikuandikie pole ya msiba. Mungu akulinde juu ya hayo majukwaa, akuponye mgongo, akupe njia nyepesi ya kurudi kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuheshimu,

Serafina